Sura ya Tisa: Maiti Mwenye Wanja

"Maiti hapakwi wanja," alisema Scholastika, amekaa juu ya mkeka, ameinua uso kama mtoto anayenyolewa.

"Maiti wa kijijini hapakwi. Wa kwenye video anapakwa," Silvano akamjibu, penseli ya wanja mkononi. "Tulia basi, nisije nikakutoboa ukawa maiti chongo."

Schola akacheka. Ndiyo shida aliyokuwa nayo kwa Silvano siku zote. Kila alipotaka kumkasirikia, kicheko kilimtangulia mlangoni.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mwaka elfu mbili na tatu, pale Masasi, uani kwa shangazi yake Nikolao, mtaa wa Mkomaindo. Mabibo yalikuwa yameiva mpaka nzi wanalewa. Wanafunzi wa chuo cha ualimu kama kumi na tano hivi walijipanga ukutani, wasichana na kanga zao, wavulana na suruali za kuazimana, wote wanangoja kulia. Nikolao, ambaye siku nyingine zote hupiga harusi na ubarikio, alikuwa ameweka kamera begani kama mtu aliyebeba mbuzi.

"Silvano, muda!" alipiga kelele. "Betri hii ni moja tu na haina mdogo wake!"

"Nakuja! Uzuri hauharakishwi."

"Uzuri gani, na unakwenda kufunikwa shuka?"

Watu wakacheka. Silvano hakucheka. Alimalizia jicho la kushoto polepole, kidole chake kimemshika Schola kidevuni, na kwa kitambo hicho Schola akasahau kwamba uani pale kuna watu. Walitazamana. Halafu Silvano akakohoa, akainuka, akaanza kugombeza watu ovyo.

Wimbo wenyewe uliitwa "Ungelisema Mapema". Ni habari ya kijana anayempenda msichana asiseme, anaogopa wakubwa. Siku anapata ujasiri, anavaa shati lake jeupe, anakwenda kwao msichana, anakuta turubai limefungwa. Silvano alikuwa ameuimba kwenye mahafali ya kaka zao wa mwaka wa pili, mpaka mkuu wa chuo akavua miwani. Tangu hapo hakulala. Wiki tatu nzima alitembea na daftari la hesabu alilochora ndani yake vibonzo vya kila tukio: hapa Schola anateka maji, hapa anaumwa, hapa analiliwa. Ukurasa wa mwisho alichora kava la kaseti.

"Video na kava lazima ziwe kitu kimoja," alikuwa akimhubiria kila mtu bwenini. "Mtu ameona video kibandani leo. Kesho anapita kwa muuza kaseti, anaona kava, anasema, aah, si yule binti wa shuka jeupe? Mkono wenyewe unaingia mfukoni!"

Kwa hiyo shuka lilikuwa lilelile, maua ya bogenvilia yaleyale, na msalaba uleule. Msalaba huo ndio uliowagombanisha siku ya Alhamisi. Fundi seremala alikuwa ameupaka rangi nyeupe vizuri, na kwa rangi nyeusi ameandika: SCHOLASTIKA ERASTO, 1982–2003.

"Jina langu kamili, Silvano? Mpaka na la marehemu baba?"

"Wimbo si unakutaja wewe? Nikiandika Asha, atakayezikwa ni Asha. Mimi Asha nitamliliaje, simjui?"

"Bibi akiuona atasema ni uchuro."

"Bibi Magdalena ni mpenzi wangu wa siku nyingi. Atasema, mjukuu, umependeza."

Na hapo Schola aliuacha ubishi, maana kuhusu Bibi, Silvano alisema kweli. Huko Newala, mjomba wake Schola, Mzee Gasper, hakutaka kabisa kusikia habari za kijana wa gitaa. Na kwa Wamakonde, baba akiwa hai au hayupo, neno la mwisho la binti liko kwa mjomba. "Mwimbaji atakulisha nini, kiitikio?" aliwahi kumuuliza Schola mbele za watu. Aliyesimama katikati alikuwa Bibi Magdalena, mama yake Mzee Gasper mwenyewe, aliyemlea Schola tangu anyonyeshwe mpaka avunje ungo. Silvano alikwenda kumsalimia mara moja tu, akamtania, akamwambia, "Bibi, mimi sikuja kwa Schola, nimekuja kwako, Schola ni kisingizio." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na jioni yake akamwita mwanawe. Hakuna aliyejua walichosemezana. Asubuhi Mzee Gasper akatoka amenuna, akasema, "Barua ya posa ije mwisho wa mwezi huu. Nitaisoma. Sijasema nimekubali."

Zilibaki siku tisa.

*

Picha ya kava ilipigwa kwanza, jua likiwa bado zuri. Schola alilazwa kwenye kitanda cha kamba, shuka mpaka kifuani, maua kwenye nywele, msalaba kichwani pake umeelekezwa barabarani ili mwamba wa Masasi uonekane nyuma. Nikolao alipiga sita. Halafu shuka likavutwa mpaka juu ya uso.

"Sasa jamani," sauti ya Silvano ilisikika, "huyu ni dada yenu. Jana mmekula naye maharage. Lieni kama mlikula naye maharage!"

Kaseti ikawekwa kwenye redio, wimbo ukaanza, na kilio nacho. Chini ya shuka Schola aliuma midomo asicheke, maana aliitambua sauti ya mwenzake Upendo, aliyekuwa analia kwa mpangilio kama kengele ya chuo. Joto lilikuwa kali. Nzi alimtembelea mkononi na asiweze kumfukuza. Alijisemea, kumbe kufa ni kazi.

Halafu akasikia mtu anapiga magoti karibu na sikio lake. Kwenye daftari iliandikwa: kijana anapiga magoti, anaimba ubeti wa mwisho. Silvano alianza kuimba. Mstari wa kwanza aliupata. Wa pili sauti ikakatika. Schola alingoja. Redio iliendelea yenyewe, na Silvano hakuimba. Alikuwa analia. Si kilio cha video. Kilikuwa kilio kibaya, cha mtu mzima asiyejua kulia, chenye kwikwi na makamasi, na katikati yake maneno ambayo hayamo kwenye wimbo: "Schola. Schola, usinifanyie hivi. Schola."

Moyo ulimwenda mbio mpaka akaogopa shuka litaonekana linacheza. Huyu ni Silvano wa mizaha, ambaye mwaka mzima hakuwahi kumwambia "nakupenda" bila kuongeza kichekesho nyuma yake. Schola akatamani kutoa mkono amguse. Lakini maiti hatoi mkono. Akalala hivyohivyo, machozi yake mwenyewe yakimtoka kwa pembeni, yakiingia masikioni pamoja na wanja.

"Kaaata!" alisema Nikolao. "Mama yangu! Silvano, hiyo ni ya kwenda nayo Dar!"

Schola aliposhusha shuka, Silvano alikuwa amegeuka ukutani, anajifuta kwa shati.

"Vumbi," alisema.

"Vumbi limekuwa na jina langu?" Schola aliuliza taratibu.

Silvano akamtazama. Alifungua mdomo, na safari hii Schola aliona dhahiri kwamba hakuna mzaha unaokuja.

"Tukishapeleka barua," Silvano alisema, "nitakwambia yote. Bila kucheka."

*

Lilibaki tukio moja la mwisho, na hilo Silvano alilipenda kuliko yote. Mtani anapeleka habari za msiba.

Kwao Schola, kifo hakisemwi na ndugu. Ndugu analia tu. Anayebeba habari kwenda ukoo kwa ukoo ni mtani, na mtani wa ukoo wao alikuwa Shamte, Myao mwenye baiskeli, mtu wa miaka arobaini hivi. Ndiye aliyepeleka Newala habari za kifo cha marehemu Erasto, Schola akiwa darasa la nne. Msibani Shamte hulala kwenye jeneza akadai nauli, huvaa kofia ya marehemu, huiba ugali wa wafiwa, na watu hucheka huku wanalia. Silvano alimfuata mwenyewe mpaka nyumbani kumwomba aigize.

"Kazi yenyewe naijua," Shamte alisema. "Ila hii ya maiti anayekunywa soda sijawahi."

"Mzee Shamte, wewe panda baiskeli, tawi bichi mbele kwenye usukani, nenda barabara ya Newala mpaka nikupungie. Usicheke. Usigeuke nyuma. Mtu akikuuliza, jibu kama kweli, kamera inakuvuta hata ukiwa mbali."

"Haya, mkubwa wa sinema."

Schola alikaa mkekani na wenzake, soda mkononi, wanja umemchirizika mashavuni, akamtazama Shamte anavyokwenda. Alikwenda vizuri, ameinamisha kichwa, tawi linatikisika. Pale njia panda basi lilikuwa limesimama kupakia magunia. Walimwona konda anainua mkono. Walimwona Shamte anashusha mguu, anavua kofia, anaiweka kifuani. Konda akatazama uani, kwenye kitanda na shuka na msalaba. Akashika kichwa. Basi likaondoka.

Shamte alirudi anahema, meno yote nje.

"Nimewapata! Nimelipata basi zima! Konda ananiuliza, Shamte, nani tena? Nikamwambia, mjukuu wa Bibi Magdalena, Scholastika, asubuhi hii. Mama mmoja dirishani kaanza kulia palepale! Silvano, hela ya uigizaji uniongezee!"

Uani pakalipuka. Upendo alijitupa chini kwa kicheko. Nikolao alicheka mpaka kamera ikatikisika. Silvano alimkumbatia Shamte. Na Schola alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, soda ikamwagika kwenye shuka, akasema, "Jamani, nimeliliwa na basi zima!"

Ni Nikolao aliyeacha wa kwanza.

"Basi gani lile?"

"La kawaida tu," Shamte alisema. "La Newala."

Wimbo ulikuwa bado unaendelea redioni, na mtu mmoja akaenda akauzima.

*

Silvano alikimbia mpaka stendi. Basi la pili halikuwapo mpaka Jumatatu. Posta ilishafungwa. Simu ya mkononi ya Nikolao ilishika mtandao kwa kupanda juu ya jiwe, lakini kule kwa mjomba hapakuwa na simu ya kupokea. Shamte alipanda baiskeli yake akakanyaga kwenda Newala, mtu mzima yule, mnyororo ukakatika kabla ya mlima. Walichopata ni lori la magunia ya korosho, linaondoka alfajiri.

Walipanda juu ya magunia, Schola na Silvano. Lori lilipoanza kupanda mlima, Silvano akamshika mkono.

"Watakasirika," alisema. "Mjomba atanitandika. Halafu watacheka, Schola. Wakikuona tu watacheka."

"Wewe nyamaza," Schola alisema. "Leo tu, nyamaza."

Walifika saa tatu asubuhi. Mama wa kwanza kumwona alikuwa amebeba ndoo ya maji kichwani. Aliiachia. Newala, ambako maji hununuliwa, mtu haachii ndoo ya maji hivihivi. Alikimbia anaita jina la Mungu. Watoto wakakimbia. Schola akatembea kuelekea nyumbani na njia ikawa inafunguka mbele yake, watu wanarudi nyuma wanagusana.

Turubai lilikuwa limefungwa. Akina mama wamekaa chini na kanga vichwani. Wanaume wanatoka nyuma ya nyumba na majembe yenye udongo mwekundu. Katikati mama yake, Isabela, aliinuka, akaja mpaka mbele yake, akamshika uso, akamshika masikio, akamvuta nywele.

"Una joto," mama yake alisema. "Una joto."

"Mama, ni mimi. Ilikuwa sinema, Mama. Ilikuwa wimbo tu."

"Una joto," mama yake alirudia, akaanza kulia upya, na kilio hicho hakikuwa cha furaha. Hapo Schola akatazama huku na huku.

"Bibi yuko wapi?"

Mama yake akaendelea kumpapasa uso.

"Mama. Bibi yuko wapi?"

Aliyejibu ni Mzee Gasper, kutoka kivulini alikokaa. Alikuwa hajavua viatu vya safari.

"Nilikuwa nimepata gari," alisema. "Nije kuchukua mwili wako. Nikaingia kumuaga. Usiku kucha hakulia hata chozi. Amekaa tu kitandani amevaa kanga yako. Akaniambia, Gasper, huyu mtoto hajawahi kwenda mahali peke yake. Hata chuo nilimpeleka mimi. Atapotea huko. Akasema, ngoja nimwahi njiani. Akajilaza. Nilidhani amelala."

Schola akakaa chini. Hakulia. Alikumbuka jana saa ile ile bibi yake alipokuwa anapokea habari, yeye alikuwa amekaa mkekani anafuta wanja.

Kaburi lililochimbwa lilikuwa la Schola. Wazee walishauriana kidogo, wakasema kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu, na marehemu yupo. Walilirefusha kidogo tu, maana Bibi Magdalena alikuwa mrefu. Saa kumi jioni alizikwa humo. Silvano alikwenda kuchukua jembe afukie pamoja na vijana. Mzee Gasper akamshika mkono.

"Weka chini."

"Mjomba, naomba..."

"Weka chini, kijana. Umeshachimba inatosha."

*

Siku ya tatu tanga liliondolewa. Shamte alikuwa ameshafika, kwa miguu, baiskeli anaikokota. Msiba mzima hakutania. Alikaa nje ya turubai kama mgeni, na watoto waliokuwa wanangoja vichekesho vyake walichoka wakaondoka. Mzee Gasper akamwita katikati ya watu.

"Shamte, mtani wangu."

"Naam."

"Wewe ukilala kwenye jeneza la baba yangu, nacheka. Ukivaa kofia yake, nacheka. Mtani anamtania maiti. Hatanii habari ya kifo. Ndiyo maana ukija na tawi lako, hakuna mtu ukoo huu aliyewahi kukuuliza, Shamte, ni kweli? Tangu babu zetu hakuna aliyeuliza. Kuanzia leo tutauliza."

Shamte alifunika uso kwa kofia. Mabega yalimcheza. Lile lilikuwa pigo kubwa kuliko fimbo, kila mtu alijua.

Silvano akasimama. Alikuwa na siku tatu hajala sawasawa, shati lake limeshika udongo.

"Mzee, asilaumiwe yeye. Mimi ndiye niliyemwambia ajibu kama kweli. Msalaba ni wangu, jina niliandika mimi. Schola alinikataza."

"Najua," Mzee Gasper alisema. Akainuka akaenda ndani, na Schola, aliyekuwa uani kwa nyuma na akina mama, akasikia viatu vya mjomba wake vinamjia.

"Scholastika."

"Abee, Njomba."

"Nikwambie alichosema bibi yako jioni ile aliponiita, mimi na yeye tukiwa wawili." Sauti ya mjomba ilikuwa chini. "Alisema, Gasper, mimi nimeolewa na mume mzuri, mwenye mikorosho mia mbili, na sikuwahi kucheka naye hata siku moja. Mwache mtoto aende anakochekeshwa. Mimi nilinyamaza. Sasa ameondoka. Neno la mzazi aliye hai unaweza kubishana nalo, la maiti utabishana na nani?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Kijana akileta barua, nitaipokea. Nimemchukia siku tatu, nimechoka. Yuko huko kwenye mkorosho. Nenda mkazungumze. Nitakuja tule."

Schola alimtazama mjomba wake anavyoondoka, mgongo umeinama kwa siku tatu kama kwa miaka kumi. Mlango aliohangaika nao mwaka mzima ulikuwa wazi. Aliombea saa hiyo kila Jumapili kanisani. Imefika.

Silvano alikuwa amekaa chini, mabibo yaliyooza yamemzunguka. Alipomwona akasimama.

"Nitauchoma ule mkanda," alisema upesi. "Na picha za kava, zote sita. Nimeshaamua. Sitaimba tena, Schola. Nitalima. Mjomba akinifukuza nitarudi, akinifukuza nitarudi..."

"Hakufukuzi. Amekubali."

Silvano hakuelewa. "Amekubali nini?"

"Barua. Bibi alikuombea. Amekubali."

Uso wa Silvano ulifunguka taratibu, kama mtu anayeogopa kuamini mvua. Aliinua mikono amshike. Schola akarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa hatua ndogo tu.

"Ulisema barua ikikubaliwa utaniambia yote bila kucheka," Schola alisema. "Niambie."

Silvano akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Nakupenda," alisema. "Pale ulipofunikwa, nilijua kabisa ni wewe, nimekupaka wanja mimi mwenyewe. Lakini shuka halikuwa linacheza. Nikasema, akiondoka kweli, mimi nitakuwa mtu gani? Sikuona jibu. Ndiyo hivyo. Sina kichekesho hapo."

"Nilikusikia."

"Basi..."

"Nilikusikia, na nilijua sitapendwa hivyo tena na mtu mwingine. Kwa hiyo usije ukajiambia kwamba sikujua. Lakini nilicheka, Silvano. Shamte aliporudi. Umesahau? Nilicheka kuliko wote. Basi linampelekea bibi yangu kifo huku, mimi nacheka kule."

"Hukujua! Tulikuwa hatujui hata mmoja wetu!"

"Sikujua. Lakini naisikia. Nikiosha vyombo naisikia. Nikikutazama wewe ndiyo kabisa, maana wewe ndiye kicheko changu, sina kingine cha kukuitia. Sasa nitaishije ndani ya nyumba na wewe? Unichekeshe, nimkumbuke. Usinichekeshe, uwe nani?"

"Nitangoja."

"Ungoje nini?"

"Upoe. Mwaka. Miaka miwili. Mimi si nimezoea kuchelewa kusema, nitazoea na kungoja."

Hata hapo, katikati ya uchungu ule, kilikuwa kichekesho, na alisema bila kukusudia. Schola alihisi kicheko kinapanda kifuani kama kawaida yake, na nyuma yake papo hapo kikapanda kitu kingine, kizito, mpaka akashika shina la mkorosho. Silvano aliona. Alikiona chote usoni mwake, tangu kilipoanza mpaka kilipoishia. Akashusha mikono.

"Nimeona," alisema.

"Usiuchome mkanda," Schola alinong'ona. "Wimbo ni mzuri. Badilisha kava tu."

"Sawa."

"Na umalize chuo."

"Sawa, Schola."

Hawakupata nafasi ya kusema zaidi ya hapo, maana Mzee Gasper alikuwa anakuja, anasafisha koo kwa mbali kama wafanyavyo watu wazima wenye adabu. Nyuma yake mama yake Schola ameleta mkeka na sinia la ugali wa muhogo na kuku.

"Shikamoo, mjomba," Silvano alisema, akainama.

"Marahaba, mkwe," alisema Mzee Gasper.

Alilitoa neno lile kwa shida, kama mtu anayeteremsha gunia begani, na baada ya kulitoa uso wake ukalegea. Schola na Silvano walitazama chini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrudishia gunia lile siku ya kuondoa tanga. Wanaume wawili wakakaa mkekani, sinia katikati. Schola akaletewa jagi la maji na beseni awanawishe.

Alianza na mjomba. Kidogo, kama wanavyonawa watu wa Newala, maji ya kununua. Halafu akapiga magoti mbele ya Silvano. Silvano akanyoosha mikono, ina udongo mwekundu kwenye kucha. Schola akamimina. Mikono ilitakata, naye akaendelea kumimina. Mama yake aliyatazama yale maji, hakumkataza. Alimimina mpaka jagi likawa jepesi, na tone la mwisho likaning'inia kwenye mdomo wa jagi, likaanguka.

Silvano hakuinua macho.

"Asante, dada," alisema.

Tonge la Mzee Gasper lilisimama njiani. Alimtazama kijana aliyetoka kumwita mkwe. Akamtazama mpwa wake, aliyekuwa bado amepiga magoti na jagi tupu. Akarudisha tonge siniani, akachagua paja la kuku, akaliweka upande wa Silvano.

"Kula, mwanangu," alisema. "Una safari."